Maji Yasiyojua Kushuka

Katika nchi ya Insafu watu hawakuamkiana kwa kuulizana hali, bali kwa kuulizana ridhaa. Mtu akikutana na mwenzake njiani alisema, "Umeridhika?" na mwenzake, awe ameshiba au ana njaa, awe anatoka harusini au mazikoni, alipaswa kujibu, "Nimeridhika, na shukrani ni wajibu." Jibu jingine lilihesabiwa kuwa utovu wa adabu, na likirudiwa mara tatu mbele ya mashahidi liligeuka kosa la jinai. Kosa hilo liliitwa Shaka. Lilikuwa na sheria yake, askari wake na baraza lake, na wakuu wa Insafu walijigamba mbele ya wageni kwamba kwao mwizi aliweza kusamehewa, lakini mwenye shaka hakusamehewa kamwe.

Mji mkuu wa nchi hiyo ulikaa juu ya mteremko na uligawanyika mitaa miwili. Kileleni palikuwa na mtaa wa Fadhila, wenye nyumba nyeupe, miti ya kivuli, na chemchemi mbili za mapambo zilizoitwa Daima na Tele. Bondeni palikuwa na mtaa wa Subira, wenye watu mara tatu ya wale wa Fadhila na mabomba matatu tu ya kuchotea maji, ambayo wakazi wenyewe waliyapa majina ya Labda, Kesho na Baadaye. Maji ya mji mzima yalitoka katika birika kuu lililojengwa katikati ya mteremko. Mgeni asiyejua mambo angedhani kwamba maji yangeshuka Subira yenyewe na kupanda Fadhila kwa taabu. Ilikuwa kinyume. Yalipanda Fadhila usiku na mchana, na Subira yalishuka siku moja katika wiki, kwa saa mbili, na pengine yasishuke kabisa.

Jambo hilo lilikuwa limekwisha kuelezwa. Mwanachuoni mmoja maarufu, Sheikh Takalufi, aliandika juzuu saba kuthibitisha kwamba maji ya Insafu, kwa tabia na asili yake, hupenda vilele na huchukia mabonde, na kwamba kuyalazimisha kushuka ni kuidhulumu tabia. Juzuu hizo zilisomeshwa shuleni. Watoto wa Subira walizikariri wakiwa na midomo mikavu, wakafaulu mitihani yake.

Alikuwapo mmoja aliyezikariri bila kuzisadiki. Jina lake lilikuwa Yakini, binti wa miaka kumi na sita, mwembamba, mwenye macho ya kutulia juu ya kitu hata mwenye kitu akakosa raha. Yakini hakuzaliwa na shaka. Shaka ilimwingia siku moja anayoikumbuka. Miaka miwili nyuma mdogo wake, Raha, mtoto wa miaka minne, alikunywa maji ya kisima cha zamani kilicho ubavuni mwa jalala, kwa kuwa mabomba yalikuwa yamekauka wiki ya tatu. Aliharisha siku tatu. Zahanati ya Subira ilikuwa imefungwa, mganga yuko Fadhila. Siku ya nne Raha alizikwa, na watu hawajanawa mikono ya mazikoni, karani wa mtaa aliyeitwa Sikizi aliingia uani na waraka uliokunjwa vizuri. Uliitwa Hati ya Ridhaa. Kila nyumba iliutia dole mara moja kwa mwaka, kukiri kwamba imeridhika na huduma za serikali, na mwaka ulikuwa umetimia.

Mama yake, Bi Stahamala, alichovya kidole katika wino, akakandamiza. Karani akamshukuru, akampa pole, akatoka. Yakini alikitazama kidole kile cha mama yake chenye wino wa zambarau, na tangu saa ile hakuna mtu wala neno lililopita mbele yake bila kupekuliwa.

Wana wa mitaa yote miwili walisoma pamoja katika Shule ya Mpakani, karibu na birika. Mwalimu wa darasa la juu alikuwa Bi Tafakuri, mwanamke mpole aliyesema polepole kama anayepima kila neno uzito. Siku moja baada ya somo la Sheikh Takalufi alifunga juzuu, akawaambia wanafunzi wake, "Wanangu, mmesoma ya kutosha juu ya maji. Sasa nendeni mkayaangalie. Kwa mwezi mzima andikeni ni saa ngapi yanatoka Fadhila na saa ngapi yanatoka Subira. Andikeni pia zahanati inafunguliwa lini, na magari ya taka yanapita wapi. Msiandike maoni. Andikeni mnachokiona tu."

Wengine waligeuka kuangalia mlango. Kuangalia hakukuwa kosa katika sheria za Insafu, lakini kulikuwa jirani ya kosa.

Mwalimu aliwapanga wawili wawili, mmoja wa juu na mmoja wa chini. Yakini alipangwa na Nadhifu, kijana mrefu wa Fadhila, mwenye mwandiko mzuri na viatu visivyojua vumbi. Baba yake alikuwa Fasaha, Waziri wa Huduma, ndiye mwenye funguo za birika. Yakini alipolisikia jina la mwenzake alijiambia moyoni kwamba kazi imekwisha kabla haijaanza.

Siku ya kwanza walikwenda bomba la Kesho. Yakini alikuwa amemwonya Nadhifu njiani kwamba watakuta foleni ya ndoo tupu na kutu. Walikuta maji. Yalikuwa yakimwagika kwa nguvu hata wanawake wakachekea mikononi mwao, na watoto wakaogeshwa barazani mchana kweupe. Nadhifu aliandika: *Kesho, saa tatu asubuhi mpaka saa kumi, maji tele.* Siku ya pili walikwenda zahanati. Mlango ulikuwa wazi, na mkunga, ambaye Subira ilikuwa haijamwona tangu mfungo uliopita, alikuwa amekaa mezani na aproni nyeupe iliyopigwa pasi. Siku ya tatu walikwenda jalalani, wakakuta magari mawili yakizoa taka za miaka, na kunguru wamekaa juu ya ukuta wameshangaa.

Wiki mbili zilipita hivyo. Mahali walipokwenda palikuwa na neema. Walipoondoka, kesho yake paliporomoka tena katika ukame na uvundo. Daftari la wachunguzi lilianza kuisifu serikali kuliko magazeti ya serikali yenyewe.

"Labda mambo si mabaya kama unavyodhani," Nadhifu alisema siku moja, kwa sauti ya mtu anayeomba radhi.

"Labda ni bomba lingine," Yakini alijibu. "Hili linaitwa Kesho. Wewe, nyumbani kwenu, huwa mnazungumza nini mezani?"

"Unakusudia nini?"

"Nakusudia nilivyosema."

Hakusema zaidi siku hiyo, ila alianza kumchunguza mchunguzi mwenzake. Aliangalia anaagana na nani, anapitia njia gani, anaandika nini pembeni mwa ukurasa. Kila alilofanya kijana yule lilikuwa na sura mbili, na Yakini aliiona ile ya pili tu. Akichelewa, amepita kwa baba yake. Akiwahi, ametumwa. Siku ya kumi na tano hakujizuia. Alisimama darasani, mbele ya wenziwe wote na mbele ya Mwalimu, akasema, "Katika sisi yumo anayetutangulia kwa karani. Kila tuendako, maji yamefika kabla yetu. Na mimi sijui nyumba nyingine yenye funguo za birika isipokuwa nyumba ya Nadhifu."

Nadhifu aliifunga kalamu yake. Alisimama polepole. "Yakini," alisema, "mimi mezani kwetu siruhusiwi kuzungumza. Anayezungumza ni baba. Kama ungeuliza, ningekwambia." Akaiweka kalamu juu ya daftari, akalisukuma daftari upande wa Yakini, akatoka. Hakurudi tena katika kazi ile.

Bi Tafakuri alimgeukia Yakini. "Una hakika?" alimwuliza.

"Ninayo, Mwalimu."

Lakini siku iliyofuata Yakini alikwenda peke yake bomba la Labda, Nadhifu hajui, na maji yalikuwa yakitoka. Siku ya pili yake alikwenda Baadaye. Yalitoka. Alirudi nyumbani na daftari chini ya kwapa, na aibu ikimchoma usoni kama moshi. Lakini aibu haikuiondoa shaka, iliihamisha tu. Sasa alimshuku Mwalimu. Alikuwa amemwona kwa macho yake akiingia ofisi ya mtaa. Na nani aliyejua ratiba yote isipokuwa aliyeipanga?

Akaamua kutega. Mwalimu alimwambia kwamba atakwenda Labda. Wenziwe darasani aliwaambia kwamba atakwenda Baadaye. Asubuhi, mama yake alipompa uji na kumwuliza, kama alivyomwuliza kila asubuhi, "Leo mnakwenda wapi, mwanangu?" alijibu bila kufikiri, kwa kuwa alihitaji mahali pa tatu na hapakuwa pengine, "Kesho, mama. Kesho mchana."

Saa sita alipita Labda. Bomba lilikuwa kavu, na nyigu ametengeneza nyumba mdomoni mwake. Alipita Baadaye. Kavu. Alitembea kuelekea Kesho huku akiomba moyoni apakute pakavu vilevile. Alisikia kelele za ndoo kabla hajafika pembe ya njia. Maji yalikuwa yanatoka. Na mbele ya foleni, khanga ameifunga kiunoni, mtungi wa pili ukijaa, alisimama Bi Stahamala.

Yakini alijipenyeza hadi mbele ya foleni. Alimsaidia mama yake kubeba mitungi. Walipofika uani, na mitungi imepangwa kivulini na kufunikwa, ndipo alipouliza.

"Mama, ni wewe?"

Bi Stahamala hakujifanya hajui. Alikaa juu ya kibao cha mbuzi, akafuta mikono. "Ni mimi," alisema.

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza. Karani Sikizi alinikuta njiani, akaniuliza wanafunzi wanakwenda wapi. Aliuliza kama anayeuliza habari za mvua. Nikamwambia, wanakwenda Kesho. Asubuhi Kesho ikatoa maji." Akaifungua khanga kiunoni. "Nikastaajabu, mwanangu. Mara ya pili hakuniuliza. Nilimfuata mwenyewe."

"Ulitusaliti."

"Miaka kumi na tisa nimeshukuru, hayakuja. Nimetia dole kila mwaka, hayakuja. Nimemzika mtoto, hayakuja. Nikawataja ninyi, yakaja asubuhi yake. Sasa niambie wewe uliyesoma, mimi ningelitumia neno gani?"

Yakini alitaka kujibu kwa hasira, lakini hasira haikupata pa kushika. Aliitazama mitungi iliyojaa. Alimfikiria Nadhifu, aliyetoka darasani kwa sababu yake. Alimfikiria Mwalimu, na akakumbuka kwamba hakuwahi kumwuliza aliingia ofisini kufanya nini. Alipomwuliza siku ya pili, Bi Tafakuri alimjibu kwamba alikwenda kuomba ruhusa ya kuwapeleka wanafunzi birikani, akanyimwa.

Lakini siku ile ya mitungi usingizi wa mchana ulimpita. Alikaa akifikiri, na jua lilipoanza kulegea alimwendea mama yake jikoni.

"Mama, usiache kumwambia."

Bi Stahamala aligeuka na mwiko mkononi.

"Endelea kumwambia karani," Yakini alisema. "Ila kuanzia leo utamwambia ninachokwambia mimi, siku ninayokwambia. Na siku nyingine hutamwambia kitu."

Hivyo ndivyo uchunguzi ulivyoanza upya. Yakini alichora mistari mipya katika daftari. Upande mmoja aliandika siku ambayo ofisi ilipewa habari. Upande wa pili, siku ambayo maji yalishuka. Kwa siku nne hawakumwambia mtu, na mabomba yote matatu yalikaa kavu kama mifupa. Siku ya tano Bi Stahamala alisema Baadaye, na Baadaye ilitoa. Siku ya sita alisema Labda, ikatoa Labda peke yake. Siku ya saba alimwambia karani kwamba wanafunzi wataligawanya darasa na kwenda mabomba yote matatu kwa pamoja, tangu alfajiri hadi magharibi. Siku hiyo Subira iliona jambo ambalo wazee wake hawakupata kuliona: Labda, Kesho na Baadaye vilitiririka pamoja kutwa nzima. Watu walifua, wakaosha nyumba, wakamwagilia hata njia. Baadhi yao, kwa kutoamini, walichota mpaka vyombo vikaisha, kisha wakakaa juu ya ndoo zilizojaa wakizilinda.

Karani Sikizi hakuwa mpumbavu. Aliona kwamba anatumwa na aliowatuma. Jumatatu askari wa sheria ya Shaka, walioitwa Utulivu, walifika Shule ya Mpakani na hati ya mashtaka. Bi Tafakuri na Yakini walishtakiwa kwa Shaka ya kukusudia. Kosa likithibiti, shule itafungwa, na familia za wahalifu zitahamishwa hadi Nyamaza, kambi ya jangwani ambako mtu haruhusiwi kusema ila akiulizwa.

Baraza lilifurika. Watu wa Fadhila walikaa vitini, watu wa Subira walisimama nyuma. Kadhi aliyesikiliza kesi aliitwa Wastani, mzee mwenye sifa ya kutomfurahisha mtu yeyote kikamilifu wala kumkasirisha kikamilifu. Mashtaka yaliongozwa na Waziri Fasaha mwenyewe, katika joho la hariri, kwa sauti iliyowafanya hata maadui zake wapende kumsikiliza.

"Mheshimiwa Kadhi," alianza, "serikali haina haja ya shahidi. Shahidi wetu ni daftari la mshtakiwa." Akalinyanyua. "Wanafunzi hawa walitoka kutafuta kasoro. Wamepata nini? Nasoma. Kesho, maji tele. Zahanati, wazi. Jalala, linazolewa. Labda, maji. Baadaye, maji. Mkono wao wenyewe umeandika kwamba Subira inahudumiwa sawasawa na Fadhila. Mtu aliyeona haki kwa macho yake, na bado akaendelea kuchungulia, huyo anatafuta nini kama si fitina?"

Waliokaa vitini walipiga makofi. Kadhi Wastani alimgeukia Yakini. "Binti, daftari ni lako?"

"Ni langu, Mheshimiwa."

"Yaliyosomwa ni kweli?"

"Ni kweli, herufi kwa herufi. Naomba kumwuliza Mheshimiwa Waziri swali moja."

Kadhi alisitasita. Kuuliza barazani hakukuwa desturi. Lakini kukataa mbele ya umati ule kungeonekana kama kupendelea, naye alichukia kuonekana hivyo. "Moja tu," alisema.

Yakini alishika ukingo wa meza. "Mheshimiwa Waziri, sisi tumefundishwa shuleni kwamba maji ya Insafu hayawezi kushuka Subira zaidi ya saa mbili kwa wiki, kwa sababu ya asili yake. Mheshimiwa amesoma sasa hivi kwamba yameshuka tena na tena, na daftari linaonyesha kwamba siku moja yalishuka kutwa nzima katika mabomba matatu. Kama daftari ni kweli, juzuu saba ni uongo, na maji yaliweza kushuka siku zote. Kama juzuu ni kweli, basi daftari ni uongo, na Mheshimiwa amenishtaki kwa ushahidi wa uongo. Mimi nauliza, Mheshimiwa anashikilia lipi?"

Waziri Fasaha aliligeuza daftari ukurasa mmoja, kisha mwingine. Watu hawakuwahi kumwona hivyo, na kupekua kwake kuliwatia hofu zaidi ya hotuba zake. Hatimaye alisema, "Pengine ilikuwa sadfa. Maji yana siku zake."

"Yana siku zake," Yakini alisema, "na siku hizo ni zile ambazo ofisi ilipata habari kwamba tunakuja. Upande wa kushoto wa daftari umeandikwa hivyo. Mheshimiwa amesoma upande wa kulia tu."

"Huo ni uzushi! Nani aliyeipa ofisi habari? Mtaje!"

Yakini hakumtaja mtu. Alikuwa ameapa moyoni kwamba hilo halitatoka kinywani mwake. Subira yote ilikuwa imesimama nyuma yake. Kumtaja aliyekuwa akipeleka habari kwa karani ni kumfanya mtu huyo asisalimiwe maisha yake yote. Kadhi aliinua kalamu. "Pasipo shahidi," alisema, "upande wa kushoto hautahesabiwa."

"Ni mimi."

Umati uligawanyika. Bi Stahamala alikuja mbele taratibu, khanga ameivuta hadi kidevuni. Minong'ono ilimfuata, na ndani yake Yakini alilisikia neno moja baya likitemwa na jirani yao wa ukuta mmoja. Mama yake alilisikia pia, maana mabega yalishuka, lakini hakugeuka.

"Mimi ndiye niliyekuwa nikimwambia karani," alisema. "Kama nasema uongo, Sikizi yule pale, aseme. Nilipomwambia, yalikuja. Nilipomnyima, hayakuja. Nilifanya kwa kiu, Mheshimiwa. Majirani zangu waliosimama pale wamekunywa maji hayo, nami siwadai samahani."

Karani Sikizi alitazama chini, na kutazama kwake kukawa ushuhuda.

Waziri alikuwa amekwisha kujikusanya. "Maneno ya mwanamke mmoja wa Subira," alisema, "mama wa mshtakiwa. Baraza litaamini hilo?"

"Basi liamini la Fadhila."

Aliyesema alikuwa Nadhifu. Alikuwa amesimama kati ya viti, karatasi moja mkononi. Waziri Fasaha alimwambia kwa sauti ya chini, "Keti, mwanangu." Nadhifu hakuketi.

"Niliiacha kazi," alisema, "lakini Mwalimu alituagiza tuangalie, na hakunikataza kuangalia kwetu. Chemchemi ya Daima iko chini ya dirisha langu. Tangu siku ya kwanza ya kazi, katika siku ishirini na nane, maji yake yamepungua siku kumi na nane, mpaka samaki wa mapambo wakabaki ubavu mmoja nje. Siku moja ilikauka kabisa, nayo Tele ikakauka. Nimeandika tarehe. Linganisheni na zake."

Kadhi alizilinganisha mwenyewe, kidole kimoja juu ya karatasi, kingine juu ya daftari. Alichukua muda mrefu. Tarehe zilikuwa zile zile. Siku ambazo Subira ilikunywa, ni chemchemi za Fadhila tu zilizokosa kurusha maji hewani. Na siku ambazo chemchemi zilicheza, Subira ilikwenda kisimani. Hakuna mtu barazani aliyehitaji kuelezwa zaidi. Hata waliokaa vitini walitazamana, na mmoja wao, bibi mzee mwenye vito masikioni, alisema kwa sauti iliyosikika, "Samaki?"

Hukumu ya Wastani ilikuwa kama jina lake. Aliwaachilia washtakiwa, lakini akawaonya. Hakumwondoa Waziri, ila alimpokonya funguo za birika na kuziweka mikononi mwa wajumbe sita, watatu wa juu na watatu wa chini. Aliamuru maji yagawiwe mitaa yote kwa kadiri ya watu wake. Juzuu saba zirudishwe kwa mwandishi azisahihishe. Kisha akatabasamu, akatangaza kwamba wanafunzi wamefanya kazi ya kusifiwa, watapewa nishani, na uchunguzi sasa umefungwa rasmi.

"Nishani tunashukuru," Yakini alisema. "Lakini uchunguzi haujafungwa, Mheshimiwa."

"Umekwisha shinda, binti. Unashuku nini tena?"

"Hukumu imetoka leo. Nataka kuona kesho."

Nje ya baraza alimkuta Nadhifu amesimama peke yake kando ya ngazi. Baba yake alikuwa amempita bila kumtazama. Yakini alimwendea. "Nilikushtaki bure," alisema. "Mbele ya watu."

"Ndiyo."

"Naomba radhi, mbele ya hao hao ukitaka."

Nadhifu aliikunja karatasi yake mara mbili. "Sikuja kwa ajili yako," alisema. "Nilichoka kuwaona samaki wakitangulizwa mbele ya watu." Akashuka ngazi. Kutoka chini akageuka. "Darasani, Jumatano. Radhi yako utaisema huko, ulikosemea lile jingine."

Aliisema Jumatano, kwa sauti ile ile, na Nadhifu aliitikia kwa kichwa. Haukuwa urafiki, ulikuwa mwanzo wa kukaa meza moja.

Maji yalishuka Subira siku iliyofuata hukumu. Siku ya kwanza watu hawakuyanywa. Waliyazunguka mabomba wakiyatazama kama mgeni asiyealikwa. Siku ya pili walichota. Kwa wiki nzima yalikuja alfajiri, na jirani wa ukuta mmoja bado alipita mlango wa Bi Stahamala bila kuamkia. Siku ya tisa yalichelewa.

Yakini aliamka akasikia ukimya wa ndoo, akatoka mbio na daftari hadi bomba la Kesho. Hakuwa wa kwanza. Mama yake alikuwa amekwisha fika, na kwa kuwa hakujua kuandika, alikuwa amechukua kipande cha mkaa na kuchora ukutani mstari kwa kila robo saa iliyopita bila maji. Mistari ilikuwa minne. Kando yake jirani yule yule, mkono kiunoni, alikuwa akimwelekeza kwa kidole.

"Umesahau mmoja," jirani alisema. "Mimi nipo tangu muadhini. Chora wa tano."

Bi Stahamala alimtazama, akachora wa tano. Kisha akamgeukia binti yake. "Wako wapi wale wajumbe sita?" aliuliza. "Twende tukawaambie, sote."